Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lakini Mwenyeji Ni Nani?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na kila mara tumeiandika katika insha ili tupate alama. Lakini je, umewahi kujiuliza mwenyeji anapona nini hasa? Na huyo mwenyeji mwenyewe ni nani? Leo ningependa tuyatazame maswali haya kwa makini, kwa sababu yanatuhusu sisi watu wa Hulugho kuliko tunavyodhani.

Siku hizi kuna biashara moja inayovuma duniani. Mtu wa mjini mwenye pesa zake anachoka na moshi wa magari na kelele za matatu. Anafunga safari kwenda mashambani. Huko hatafuti hoteli ya ghorofa kumi, la hasha! Anatafuta nyumba ya kawaida iliyojengwa kwa miti, udongo au makuti. Taa zake ziwe za sola, maji yake yawe ya mvua, na chakula chake kiwe kimekuzwa bila mbolea ya dukani wala dawa ya kunyunyizia. Analala usiku, asubuhi anapewa kiamshakinywa cha vitu vya hapo hapo, halafu analipa. Tena analipa vizuri! Nchini Italia jambo hili lilitungiwa sheria mwaka wa 1985, mkulima akapewa ruhusa ya kupokea wageni shambani mwake na kuwalisha mazao yake mwenyewe.

Habari hii ilipoletwa katika mjadala wa chama chetu, watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Mmoja wetu alisimama akasema, "Jameni, kumbe ayeyo wangu ana hoteli na hajui!" Darasa zima likaangua kicheko tena. Lakini kicheko kilipokwisha, ukweli ulibaki umekaa pale pale. Nyumba isiyochafua mazingira tunayo. Maziwa ya ng'ombe aliyekula nyasi za Mungu tunayo. Usiku wenye nyota na kimya tunao. Mbona basi wengine wanatajirika kwa vitu hivi na sisi tunaviita umaskini?

Maoni yangu ni kwamba Hulugho inaweza kupokea wageni wa namna hii, na inafaa ipokee. Ila tusianze na mzungu wa ng'ambo. Tuanze na mgeni ambaye tayari anakuja kwetu kila mwaka na hatuna pa kumlaza. Na kabla hatujamtandikia mtu yeyote mkeka, tuhakikishe kwamba ardhi ni yetu kwa hati, si kwa maneno ya mdomo tu. Sasa nitaeleza moja baada ya jingine.

Kwanza, tuiangalie herio, au aqal kama wanavyoiita wazee. Nyumba hii hujengwa na wanawake. Miti myembamba hupindwa kama upinde, ikafungwa kwa kamba, kisha ikafunikwa kwa mikeka ya nyasi na nyuzi za miti iliyosukwa kwa mkono. Umbo lake la mviringo haligombani na upepo. Mchana wa jua kali unaweza kuinua mkeka upande mmoja ili hewa ipite. Mvua ikija, mkeka unashushwa. Wakati wa kuhama, nyumba nzima inafunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia au punda, na pale ilipokuwa nyasi zinaota tena. Niambie, ni hoteli gani yenye nyota tano inayoweza kuondoka bila kuacha hata tofali moja? Wenzetu wa vyuo vikuu wanaandika vitabu vizima kuhusu ujenzi usioharibu mazingira, hali nyanya zetu wanaujenga kwa mikono yao bila hata kupiga ramani!

Isitoshe, kwa desturi ya Wasomali herio ni mali ya mwanamke. Ni yeye anayeisuka, ni yeye anayeijenga, na ni yeye anayejua kila kijiti chake. Nasema hivi makusudi. Kama kuna pesa itakayoingia kutokana na nyumba hiyo, basi pesa hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe si mzee wa kamati anayekunywa chai mjini. Mama aliyesuka mkeka miezi kadhaa asije akaambiwa, "Wewe pika tu, hesabu tuachie sisi." Hapo tutakuwa tumemfukuza mwenyeji ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Pili, chakula. Kiamshakinywa cha kwetu si cha kuonea haya. Kuna anjera iliyopakwa samli. Kuna chai ya maziwa yenye tangawizi na hiliki. Kuna nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa, kisha ikahifadhiwa ndani ya samli hata ikakaa siku nyingi bila friji. Kuna maziwa yaliyowekwa ndani ya chombo kilichofukizwa moshi wa mti, yakapata ile ladha ambayo ukiwa bwenini unaiota usiku. Nao ndugu zetu Waboni, wanaojiita Waaweer, wanasifika tangu jadi kwa asali ya msituni. Hivyo vyote havina dawa ya kunyunyizia wala mbolea ya gunia.

Lakini ukweli usemwe hata kama ni mchungu kama shubiri. Si kila kitu cha kwetu ni safi kwa sababu tu ni cha asili. Mwishoni mwa mwaka wa 2006, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ilizuka katika mkoa wetu. Garissa na Ijara ziliumia vibaya, na hadi ilipokwisha mwaka wa 2007 watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa nchini Kenya. Ugonjwa huo huletwa na mbu, na pia mtu huupata akishika damu au nyama ya mnyama mgonjwa au akinywa maziwa yake mabichi. Wakati huo maziwa hayakuwa na kemikali hata tone moja, lakini yaliweza kuua! Kwa hiyo mgeni apewe maziwa yaliyochemshwa, nyama iliyokaguliwa na maji yaliyotibiwa. Tusimuuzie mtu ugonjwa kwa jina la asili.

Vile vile tusimdanganye mgeni. Unga wa anjera, sukari, mchele na majani ya chai vinatoka dukani, na dukani vimeletwa na lori kutoka mbali. Hulugho hatulimi ngano wala hatuna kiwanda cha sukari. Tukimwambia mgeni kwamba kila kitu mezani kimetoka hapa, siku ya pili ataliona lori likishusha magunia na atajua sisi ni waongo. Ni heri kumwambia, "Haya maziwa, samli na nyama ni vya hapa, hii sukari ni ya kununua." Mgeni mwenye akili atatuheshimu zaidi.

Na je, mazingira yetu? Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na kila mtu alishangilia. Lakini wewe tembea nyuma ya soko lolote mkoani utazame miiba ya miti. Bado imevaa plastiki kuukuu za kila rangi kama bendera za sherehe. Mbuzi anakula karatasi hiyo, inamkwama tumboni, anakufa, na mwenyewe anasema ni jicho la hasidi. Herio nazo nyingi siku hizi zimefunikwa maturubai na magunia badala ya mikeka. Siwalaumu wenye nyumba hizo, maana ukame umewamaliza na turubai ndilo lililopatikana. Ninalosema ni kwamba tukitaka kuitwa watu wa mazingira safi, lazima kwanza tufagie uani kwetu. Mgeni wa kwanza atakayefaidika na uani safi ni sisi wenyewe.

Tatu, kuna jambo ambalo haliko mahali pengine duniani. Katika nchi yetu hii kati ya mto Tana na mpaka wa Somalia ndiko kwao hirola, yule swala mwenye alama nyeupe usoni kama miwani. Waliobaki duniani kote wanakadiriwa kuwa hawazidi 500, na wataalamu wamemweka katika orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Serikali iliwahamisha baadhi yao hadi Tsavo mwaka wa 1963, na tena mwaka wa 1996, ikiogopa kwamba wangekwisha. Hifadhi ya Arawale ilitengwa kwa ajili yao mwaka wa 1974, na hifadhi ya Boni ikafuata mwaka wa 1976. Lakini kazi kubwa imefanyika Ishaqbini huko Ijara, ambako jamii za pale zilitenga ardhi yao, na mwaka wa 2012 hirola 48 wakaingizwa ndani ya uzio usiopitisha simba wala fisi. Wakazaana mpaka wakapita 100. Ishaqbini hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na twiga weupe walioushangaza ulimwengu. Mwezi wa Machi 2020 tulisikia habari ya huzuni kwamba mama twiga na mtoto wake wameuawa na majangili, akabaki dume mmoja peke yake.

Sasa fikiria, mwenzangu. Mtu anapanda ndege kutoka Ujerumani hadi Nairobi ili aone simba, ambao wako kila mbuga. Hirola hayuko kila mbuga. Yuko kwetu. Waswahili husema kizuri chajiuza, lakini mimi nasema kizuri kisichojulikana hakiuziki.

Msomaji mwerevu sasa ataniuliza, "Na usalama, ndugu? Nani atakuja kulala kwenye mkeka karibu na mpaka?" Swali hili ni la haki, na sitalikwepa. Mwezi wa Septemba 2011 wavamizi waliingia usiku katika hoteli moja ya vibanda vya makuti karibu na Kiwayu, huko Lamu, si mbali sana na sisi. Walimuua mgeni kutoka Uingereza na kumteka mke wake. Hoteli hiyo ilikuwa ya aina hii hii tunayoizungumzia: vibanda, ufuo na utulivu. Tarehe 2 Aprili 2015 wanafunzi na wengine, jumla 148, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Septemba mwaka huo huo serikali ikaanzisha operesheni ya Linda Boni katika msitu ulio jirani nasi. Kwa hiyo anayetuahidi kwamba tukijenga vibanda leo, kesho watalii watamiminika kama nzige, huyo anatuuzia mbuzi kwenye gunia. Hawatakuja kesho. Ubalozi wao unawakataza, na nani atawalaumu?

Ndiyo maana nasema tuanze na mgeni mwingine. Nani huyo? Ni mwalimu.

Msishangae. Hebu tufikiri pamoja. Mwalimu kijana ameajiriwa na TSC. Ametoka Vihiga, Machakos au Nyeri. Barua yake imemwambia aripoti Hulugho. Usiku mzima mamake halali kwa hofu. Anafika hapa baada ya safari ya barabara mbovu, na msimu wa mvua hata gari halipiti. Anafika jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Wapi atalala usiku wa kwanza? Atakula nini asubuhi? Nani atamwambia kwamba yule mzee anayempigia kelele hamtukani, bali anamwita kwenye chai? Mara nyingi hana jibu. Analala kwenye chumba kimoja cha mabati, anakula mkate mkavu, na baada ya wiki mbili anaanza kuandika barua ya kuomba uhamisho. Sisi tunabaki na somo la Fizikia lisilo na mwalimu, kisha mtihani unakuja na tunalaumiana.

Tunajua mambo yalivyokwenda. Novemba 2014, basi lilishambuliwa huko Mandera na abiria 28 wakauawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda likizo. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti yetu hii hii ya Garissa. Baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa mkoani. Waliofanya unyama huo walijua wanachofanya. Walitaka mgeni aogope, mwenyeji abaki peke yake, na mtoto akose elimu. Basi kila mgeni tunayempokea vizuri akakaa, huwa tumewashinda bila kufyatua risasi.

Simaanishi kwamba kikombe cha chai huzuia risasi. Kazi ya ulinzi ni ya serikali, na serikali iifanye. Lakini mtu aliyelala wiki yake ya kwanza katika boma la mama fulani, akala anjera na watoto wake, akajulikana kwa jina na majirani wote, huyo si mtu wa kupita tena. Akipotea saa moja ataulizwa. Akiingia mtu asiyejulikana kumtafuta, mbwa wa boma na wazee wa boma watabweka pamoja!

Na tusisahau mfano tulioachiwa. Desemba 2015 basi jingine lilisimamishwa na wanamgambo wa Al-Shabaab huko Mandera. Wavamizi walitaka Waislamu na Wakristo watengane. Abiria Waislamu walikataa. Mmoja wao alikuwa mwalimu Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi. Taifa lilimpa nishani baada ya kifo chake. Mimi niliposoma habari hiyo ndipo nilipopata jibu la swali langu la mwanzo. Mwenyeji ni nani? Mwenyeji ni yule ambaye mgeni akiwa naye, hatolewi. Kama wenzetu waliweza kuwa wenyeji ndani ya basi, mbele ya bunduki, sisi tutashindwaje kuwa wenyeji nyumbani, mbele ya birika la chai?

Kuna pingamizi jingine, nalo linatoka kwa wazee wetu. Mzee mmoja niliyezungumza naye kuhusu jambo hili aliniangalia kwa muda mrefu kisha akasema, "Kijana, marti haulizwi pesa. Marti anaulizwa habari." Kwa kweli neno lake ni zito. Kwetu sisi kumwuzia msafiri maziwa yaliyo kwenye kibuyu ni aibu kubwa. Dini yetu pia inatufunza kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Je, tukianza kutoza malazi na kiamshakinywa, hatutakuwa tumeuza utu wetu kwa noti ya shilingi elfu?

Hapa ninajibu kwa adabu. Msafiri anayepita, aliyekatikiwa na gari, aliyefikwa na usiku, huyo abaki kuwa marti. Asitozwe hata ndururu. Mwalimu mpya naye apewe siku zake tatu za ukarimu bila malipo, kama desturi inavyotaka. Lakini anayetaka kukaa mwezi mzima, au anayekuja kwa hiari yake kutazama hirola na kupiga picha, huyo ni mpangaji, na mwenyewe anataka kulipa ili asione haya. Wahenga wenyewe walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi badala ya jembe atoe kodi! Mambo mawili haya tukiyatenganisha waziwazi, hakuna aibu. Tukiyachanganya, ndipo tutakapomtoza maskini na kumsamehe tajiri. Na masharti ya nyumba yajulikane tangu mlangoni: pombe hakuna, mavazi ya heshima, saa za swala ziheshimiwe, na mgeni naye asilazimishwe dini ya mtu.

Sasa nakuja kwenye lile lililo zito zaidi, nalo ni ardhi. Tuangalie waliotutangulia. Huko Laikipia, Wamaasai wa Il Ngwesi walifungua nyumba yao ya wageni mwaka wa 1996 katika ardhi yao ya pamoja, na mwaka wa 2002 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Huko Zanzibar, katika kisiwa kidogo cha Chumbe, kuna vibanda saba tu vilivyoanza kupokea wageni mwaka wa 1998. Paa zake zinakinga maji ya mvua, umeme wake ni wa jua, vyoo vyake havitumii maji bali hugeuza uchafu kuwa mboji, na watoto wa shule wa Unguja hupelekwa huko kujifunza mambo ya bahari. Mifano hii inaonyesha kwamba inawezekana.

Lakini kuna upande wa pili wa shilingi. Mnamo Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kaunti hiyo, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, kwa kuwa wananchi wenyewe hawakushirikishwa inavyotakiwa. Walioshtaki walikuwa wafugaji kama sisi. Kilio chao kilikuwa kwamba mgeni amekuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anaomba ruhusa ya kulisha ng'ombe wake. Tusidhani mambo hayo ni ya Isiolo peke yake. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipitishwa mwaka wa 2016. Inasema jamii ijiandikishe, ichague kamati ya watu 7 hadi 15, na mkataba wowote wa uwekezaji ukubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo katika mkutano. Ardhi ambayo haijaandikishwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe. Sasa jiulize, ardhi ambayo babu yako alichunga imeandikishwa kwa jina la nani? Kama hujui, muulize baba. Kama baba naye hajui, basi muulize chifu. Maana mwekezaji akija na miwani meusi na makaratasi yake, yeye atakuwa anajua.

Kuna na suala la malisho. Kati ya mwaka wa 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Kila mmoja wetu anakumbuka mizoga kando ya barabara. Wakati kama huo, kipande cha nyasi kilichozungushiwa uzio kwa ajili ya wageni kinaweza kuwa ndicho kipande kilichobaki cha kuokoa ng'ombe mwenye ndama. Kwa hiyo lazima iandikwe tangu mwanzo: kiangazi kikizidi, nyasi ni za mifugo kwanza, picha za watalii baadaye. Hirola na ng'ombe wameishi pamoja hapa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuleta uzio, na malisho mazuri yanawafaa wote wawili.

Hitimisho langu basi ni lipi? Tuanze na kidogo, tena tuanze hapa shuleni. Wazazi na wakuu wa shule wakikubali, akina mama wa kijiji walipwe wajenge herio mbili au tatu za mikeka halisi karibu na nyumba za walimu, na choo safi, tangi la kukinga maji ya mvua kutoka paa la madarasa, na taa ya sola. Miti ya kujengea na kuni za kupikia zikatwe kutoka mathenge, ule mti wa kuletwa unaotuharibia malisho, wala si kutoka miti ya asili. Mwalimu mpya akifika, alale hapo siku zake za kwanza na apikiwe na mama mwenye zamu. Likizo zikifika, tualike wanafunzi wa vyama vya Kiswahili kutoka shule za Lamu, Tana River na hata Nairobi, waje walale, waone, wajadiliane nasi. Hesabu isomwe hadharani kila muhula, na kila mama apate chake mkononi.

Nasi wanachama tuna kazi yetu humo. Mama wa Hulugho anajua Kisomali, na mwalimu wa Vihiga anajua Kiluhya. Watakaa kwenye mkeka mmoja wakitazamana kama sanamu mpaka nani aje? Mpaka tuje sisi na Kiswahili chetu. Tusikifanye Kiswahili kuwa lugha ya kujibu mtihani tu na ya kusemea jukwaani. Kazi yake ya kwanza ni hii: kumkaribisha mtu usiyemjua, umuulize habari, na akuelewe.

Siku ambapo mpaka utatulia, na naomba Mungu siku hiyo ifike, basi hao wa ng'ambo watakuja. Watatukuta tunajua kupokea wageni, tunajua kutunza hesabu, tumefagia uani, na hati ya ardhi iko mkononi. Wasipokuja je? Basi tutakuwa tumepata walimu waliokaa. Hasara iko wapi hapo?

Haya ni maoni yangu, na uwanja uko wazi kwa anayepinga. Kalamu naiweka chini.